Dakika mbili kati ya tangi na meza: siku moja maishani mwangu

Saa 11 na nusu alfajiri, kabla sijawasha mbabula ya chai, huwa nimekwisha kusimama mbele ya kabati la sebuleni, tochi mkononi, nikisoma namba tatu. Juu ya kabati hilo, mahali ambapo majirani zangu wa Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, huweka televisheni, pana chupa tatu za plastiki zilizokatwa shingo. Kila chupa ina pamba iliyoloweshwa maji, na ndani yake kinaning'inia kihisi kimoja cha oksijeni nilichokitengeneza mwenyewe. Hewa iliyomo chupani haina cha kubadilika usiku, kwa hiyo namba nazo hazina ruhusa ya kubadilika. Leo kihisi cha kwanza kililala kwenye milivolti 31.6 na kuamkia 31.4, cha pili hakikusogea kabisa, na cha tatu, ambacho jana jioni nilikuwa nikijivunia mbele ya baba watoto, kimeanguka kutoka 32 hadi 24. Nikaandika namba zote daftarini, nikakitia hicho cha tatu katika mfuko wa koti, ndipo nikaenda kutafuta kiberiti.

Kazi yangu ni kubuni na kuunda vifaa vya kupimia oksijeni iliyoyeyuka katika majitaka. Nikilitaja jambo hili kanisani au sokoni, watu hutazamana, kwa sababu kwa wengi majitaka ni kitu cha kufukiwa au kuachiwa mto, na hakuna anayefikiria kuyapima. Hata hivyo, maji yanayotoka katika kiwanda cha vinywaji yamejaa sukari, hamira na mabaki ya nafaka, na ukiyamwaga mtoni yalivyo, bakteria wa mtoni watayala kwa pupa na kuimaliza oksijeni yote, samaki wafe kwa kukosa pumzi bila hata tone la sumu. Kwa hiyo karamu hiyo huandaliwa mapema, ndani ya tangi linalopulizwa hewa usiku na mchana, ili mto upokee maji ambayo yamekwisha kuliwa kilichomo. Njia hiyo ya kutumia tope lenye uhai, yaani tope lililojaa bakteria hao, ilielezwa na Ardern na Lockett huko Manchester mwaka 1914, na hadi leo mitambo mingi ya majitaka duniani inaifuata.

Ugumu wake uko katika kipimo. Oksijeni ikishuka chini ya nusu miligramu kwa lita, bakteria wema hudhoofika, wale wenye umbo la nyuzi huchukua nafasi yao, tope hukataa kutuama, na harufu hufika hadi barabarani. Ikizidi miligramu 3 au 4, unalipia umeme wa kupuliza hewa ambayo hakuna anayeila, na ikumbukwe kwamba vipulizia hewa mara nyingi hula nusu ya umeme wote wa mtambo, au zaidi. Mafundi wengi hulenga miligramu 2. Jicho haliwezi kutofautisha 0.5 na 2, maana tangi huchemka mapovu vilevile, na rangi yake ya kahawia ni ileile.

Saa 1 asubuhi nilikuwa njiani kwenda Kamalondo, ilipo karakana yangu. Mwezi wa tano umeingia, mvua zimekatika, na kipwa kimeanza kuleta ule ubaridi wa asubuhi ambao wageni hawauamini hadi wautetemekee. Basi lilipovuka daraja niliwaona akina mama wakimwagilia matuta ya lengalenga kwa maji ya mto. Mto Lubumbashi huingia Kafubu, na Kafubu huenda Luapula, kwa hiyo tunachokimwaga hapa mjini hakiishii hapa. Lakini mboga zile ziko karibu zaidi na sahani yangu kuliko Luapula, na mara nyingi ndizo ninazozifikiria.

Kijana ninayemfundisha alikwisha kufungua mlango na kufagia. Nilimkabidhi kihisi cha tatu bila kumwambia lolote, akakigeuza kichwa chini, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akanyamaza kitambo.

"Yaya," aliniambia, maana huniita dada mkubwa, "utando una mkunjo."

Alikuwa amesema kweli, na inafaa nieleze kwa nini mkunjo mmoja usiozidi unywele unaweza kuharibu kazi ya wiki. Kihisi changu ni kipande cha bomba la PVC lenye unene wa kidole gumba. Mwishoni mwake pana kisahani cha fedha cha milimita 6, kilichokatwa na sonara mmoja aliyeniapia kwamba ni fedha safi, nami nikamwamini baada ya kukipima mara tatu. Nyuma ya kisahani hicho umezungushwa ukanda wa madini ya risasi, na nafasi iliyobaki imejazwa maji yenye haidroksidi ya potasiamu, ambayo inaunguza ngozi na ambayo kijana huyu haruhusiwi kuigusa bila glavu na miwani. Mdomo wa bomba umefunikwa kwa utando mwembamba wa plastiki uliobanwa na pete ya raba. Oksijeni hupenya utando, hufika kwenye fedha, na kila molekuli moja huchukua elektroni nne. Risasi ndiyo inayozitoa elektroni hizo, huku yenyewe ikilika polepole. Mwendo huo wa elektroni ni umeme, mdogo sana, wa mikroampea chache tu; nikiupitisha katika kizuizi napata milivolti za kusoma. Oksijeni ikiwa nyingi, umeme huongezeka. Ikiisha, umeme huisha. Hakuna betri ndani, kwa sababu kihisi chenyewe ni betri inayokula oksijeni.

Hakuna hata moja kati ya mambo hayo nililolivumbua mimi. Wazo la kufunika elektrodi kwa utando wa plastiki lilichapishwa na Leland Clark wa Marekani mwaka 1956, naye alikuwa akitafuta namna ya kupima oksijeni katika damu. Mwaka 1964 Mackereth, aliyekuwa akichunguza maziwa huko Uingereza, akaeleza kihisi cha fedha na risasi kinachojizalishia umeme. Uzuri wa kihisi cha namna hii, kwa mji ambao umeme unaweza kukatika mara tatu kabla ya chakula cha mchana, ni kwamba hakihitaji kuandaliwa upya kila umeme unaporudi.

Utando ndio ulionila mwaka mzima. Mwanzoni nilitumia ule mkanda mweupe wa Tefloni ambao mafundi bomba huuzungusha kwenye nyuzi za mabomba, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba Tefloni ni utando mzuri. Ni kweli, lakini ule mkanda una vinyweleo visivyoonekana, na maji ya potasi yalikuwa yakitoka jasho usiku kucha. Nilipoteza vihisi saba kabla ya kuelewa. Baada ya hapo nikajaribu mifuko ya plastiki ya kufungia mikate, ambayo ni polietilini, plastiki ileile aliyotumia Clark, nikashangaa kuona kwamba inafanya kazi vizuri sana mradi isinyooshwe kupita kiasi. Siku hizi naagiza tando halisi za Tefloni kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, zikiwahi kufika, na zisipofika narudi kwenye mfuko wa mkate bila aibu yoyote. Mteja anafundishwa kubadilisha utando kwa kutumia chochote kati ya hivyo viwili.

Mkunjo ukiwepo, maji ya potasi hujikusanya chini yake, unene unabadilika kadiri joto linavyobadilika, na namba huanza kutangatanga. Nilimwachia kijana kazi ya kuuvua, kusugua fedha kwa karatasi laini ya msasa, na kuweka mwingine: utando huwekwa katikati, unavutwa kwa vidole vinne kwa nguvu sawa, pete inashushwa kwa mwendo mmoja bila kusita. Anayesita hupata kipovu cha hewa, na kipovu kina oksijeni yake ambayo itadanganya kwa saa nzima. Jaribio la tano ndilo lililofaulu. Risasi ilikuwa bado nene, kwa hiyo hatukuigusa. Na hapa niseme kwamba mimi siyeyushi betri za magari uani kama wafanyavyo wengine, maana moshi ule hukaa katika udongo na watoto huchezea udongo huohuo. Risasi yangu ni vile vipande vya kusawazishia magurudumu, na naikunja ikiwa baridi.

Saa 3 ilikuwa zamu ya kusawazisha vile viwili vizima nitakavyokwenda navyo kazini. Jambo hili ndilo linalonigombanisha na watu mara nyingi kuliko yote. Kihisi hakihesabu miligramu. Kinahisi msukumo wa oksijeni, na msukumo huo katika hewa yenye unyevu ni sawa na ule wa maji yaliyoshiba hewa. Ndiyo sababu pamba na chupa vinatosha. Lakini kuzigeuza milivolti kuwa miligramu kunahitaji ujue uko juu kiasi gani. Pwani, maji ya nyuzi 20 yaliyoshiba hewa hubeba miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Leo barometa yangu ilionyesha hektopaskali 876, na maji yaleyale hapa hayabebi zaidi ya 7.8 au kitu karibu na hapo. Niliwahi kukuta kifaa cha bei kubwa kutoka ng'ambo kikiwa kimesimikwa na mtaalamu aliyekuja na ndege na kuondoka na ndege, kikiwa bado kinadhani kiko ufukweni. Kwa miaka miwili kiwanda kile kilikuwa kikiamini namba zilizozidi ukweli kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi.

Kwa upande wa sifuri, ninayeyusha sulfaiti ya sodiamu ndani ya maji, nayo hunyonya oksijeni yote; chembe kidogo ya chumvi ya kobalti huharakisha kazi hiyo. Sisi tunaoishi juu ya kobalti ya Katanga tunainunua katika kichupa kilichofungwa nje ya nchi, gramu kwa gramu. Niliwahi kumwonyesha mchimbaji mmoja kichupa hicho na bei yake, akacheka mpaka akakaa chini.

Saa 4 na nusu tuliondoka kwenda kiwandani, upande wa Kampemba. Sitakitaja kiwanda. Niliitwa kwa malalamiko: kifaa changu, kilichosimikwa pale tangu Februari, kinasoma 1.9, ilhali kipimo cha kemia kilichofanywa na mtu wao wa maabara kinatoa 0.6 au 0.7, tena kwa siku tatu mfululizo. Ikiwa yeye ni mkweli, basi tope linakaba na lazima kipulizia cha pili kiwashwe, na bili ya umeme ipande. Ikiwa mimi ni mkweli, hakuna la kufanya. Meneja alikuwa amekwisha kuegemea upande wa kemia, na sikumlaumu. Hata mimi, nikiwekewa kemia na kipande cha bomba la PVC, ningeegemea huko.

Kwenye tangi alitupokea mzee wa zamu, ambaye amelisimamia tangi hilo tangu lilipomiminwa zege.

"Jambo, Mama Fundi. Wanasema mtoto wako amekuwa mwongo."

"Jambo, Mzee. Ndiyo tumekuja kumhoji."

Kifaa kile kina jambo moja ambalo naweza kulidai kuwa langu, ingawa wazo lake limezagaa kwa watu wengi: kina mkono. Mota ya vaipa ya gari iliyochakaa hukiinua kihisi kutoka majini kila baada ya saa sita, hukiacha hewani dakika kumi, na kisanduku hulinganisha kinachosomwa na kile ambacho hewa ya hapa, kwa joto na kwa barometa ya saa hiyo, ingepaswa kutoa. Tofauti ikiwa ndani ya asilimia 5, taa ya kijani huwaka. Ikizidi hapo ni njano, maana yake kihisi kifutwe. Ikizidi 15 ni nyekundu, maana yake kisiaminiwe. Nilifika kwenye mkono huo baada ya kugundua kwamba adui mkubwa wa kihisi katika majitaka ni ute. Bakteria hujenga makazi juu ya utando, wanakula oksijeni inayopita, na kihisi kinaendelea kusoma kwa utulivu kabisa namba iliyo ndogo kuliko ukweli. Kifaa kilichokufa hakimdhuru mtu, kwa sababu kila mmoja anaona kimekufa. Kinachonitisha ni kile kinachotoa namba safi, isiyotikisika, ya uongo.

Kwa hiyo ute ungekuwa maelezo mazuri kama namba yangu ingekuwa ndogo. Ilikuwa kubwa. Nikawaza kuhusu mapovu: kipovu kikikaa juu ya utando, kihisi husoma hewa badala ya maji. Lakini kichwa cha kihisi kimeinamishwa ili mapovu yateleze, na nilipokitazama kwa dakika kumi hakuna lililokaa. Tukaushusha mkono kwa mikono yetu, tukakiinua, tukaweka kando yake kihisi nilichotoka nacho karakana. Kimoja kilisoma 1.9, kingine 1.8. Ama wote wawili ni waongo wa ukoo mmoja, ama kosa liko kwingine.

Nilimwomba mtu wa maabara afanye kipimo chake mbele yangu, kwa adabu, kwani hakuna anayependa kusimamiwa mgongoni. Ni kijana makini, mikono yake haitetemeki. Njia yenyewe ni ya Lajos Winkler, Mhungari aliyeichapisha mwaka 1888, na ni nzuri kiasi kwamba mimi mwenyewe huitumia kuhukumu vihisi vyangu. Alichota kwa chupa ya kioo ya mililita 300, akaifunga bila kuacha hewa, akashuka ngazi za tangi, akavuka ua, akasalimiana na dereva wa lori aliyekuwa akiuliza njia, akaingia maabara, akaiweka chupa mezani, akatafuta pipeti. Akatia salfeti ya manganizi, kisha ile dawa ya potasi yenye ayodaidi. Ndani ya chupa wingu likazaliwa, la rangi ya kahawia hafifu mno, karibu na nyeupe. Kahawia ndiyo oksijeni iliyonaswa na manganizi, na kahawia hafifu ni oksijeni kidogo. Wingu lilipotuama akatia asidi, maji yakageuka manjano ya majani makavu. Akapima mililita 200, akaanza kudondosha thiosulfati kutoka kwenye bureti, bomba la kioo lenye alama za mililita. Manjano yalipokaribia kutoweka akatia wanga, chupa yote ikawa samawati, na matone machache baadaye samawati ikakatika ghafla kama taa. Kwa ujazo ule na nguvu ile ya thiosulfati, mililita moja ni miligramu moja kwa lita. Bureti ilionyesha 0.6.

"Mama Injenia," aliniambia kwa upole, "mimi sina ugomvi na kifaa chako."

Saa 7 tulikwenda kula kwenye malewa nje ya geti: bukari, sombe, na bitoyo kwa kijana anayependa chumvi. Sikuwa na hamu ya kula. Nilikuwa nikiupitia upya mwendo wa ile chupa kutoka tangini hadi mezani, kama mtu anayerudia barabara aliyopotezea pochi, na nikakwama kwa yule dereva wa lori. Tope lenye uhai halijui kwamba limechukuliwa sampuli. Ndani ya chupa iliyozibwa bakteria wanaendelea kula, na hewa mpya haiji. Winkler anapima maji safi bila tatizo, kwa kuwa maji safi hayapumui. Anapoletewa tope, anapima kilichobaki mezani, na hicho si kile kilichokuwa tangini.

Kuwaza tu hakukutosha. Saa 8 tulirudi, nikachota tope katika chupa yenye mdomo mpana, nikalitikisa kwa nguvu hadi likashiba hewa kiasi, nikachomeka kihisi na kuziba pembeni kwa raba. Kihisi cha aina hii kinakula oksijeni ya mbele yake, kwa hiyo maji lazima yatembee. Chini ya chupa niliweka feni ya kompyuta iliyokufa yenye sumaku mbili zilizogandishwa kwa gundi, na ndani ya chupa kipande cha chuma kilichofunikwa plastiki kikazunguka. Kijana alishika saa, mimi nikasoma, mzee wa zamu akaandika. Mwanzo 5.1. Baada ya dakika moja 4.5. Baada ya mbili 3.8. Baada ya tatu 3.2. Mstari ulionyooka kana kwamba umepigwa kwa rula: zaidi kidogo ya miligramu 0.6 kila dakika, yaani karibu 38 kwa saa, jambo la kawaida kabisa kwa tope lenye afya na njaa. Kisha nikamwomba mtu wa maabara atembee tena, kama kawaida yake, kutoka tangini hadi kwenye pipeti, pamoja na salamu. Dakika mbili na sekunde chache.

Mbili mara 0.6 na ushee ni zaidi ya 1.2. Ongeza ile 0.6 aliyoikuta kwenye bureti, unapata 1.8 au 1.9. Sikusema kitu. Alikwisha kupiga hesabu mwenyewe kichwani, niliona midomo yake ikitembea.

Lakini hesabu nzuri inaweza kuwa bahati, na nilitaka Winkler mwenyewe atoe ushahidi. Vitabu vya kazi hii vina dawa ya kulilaza tope palepale linapochotwa: salfeti ya shaba pamoja na asidi ya sulfamiki, gramu 50 kwa gramu 32 katika karibu lita moja ya maji, na asidi ya asetiki kidogo. Shaba huwazima bakteria, tope linagandamana na kuzama, na maji ya juu yananyonywa taratibu kwa mpira kuingia katika chupa ya kipimo. Shaba ya kutosha katika mji huu haimsumbui mtu. Asidi ya sulfamiki ndiyo iliyonipa wasiwasi, mpaka mzee wa zamu aliposema kwamba kwenye stoo ya boila upo unga mweupe wa kuondolea ukoko, na jina lililoandikwa gunia lake lilikuwa hilohilo. Tulichanganya saa 9. Dawa iliwekwa chupani kabla ya kuchota, chupa ikajazwa tangini, ikazibwa, ikageuzwa mara kadhaa, ikaachwa itulie. Safari hii wingu la manganizi lilikuwa kahawia ya kweli, rangi ya chai iliyokolea. Bureti ilionyesha 1.8.

Meneja alishuka, akaelezwa na mtu wake wa maabara, tena kwa ufasaha kunizidi, nami nikanyamaza kwa furaha. Kipulizia cha pili kilibaki kimezimwa. Niliona ni haki kuwaambia pia kasoro ya upande wangu: mkono ulipoinuka saa 10, taa iliwaka njano. Kihisi kilikuwa kimepungukiwa asilimia 6, na tulipokitazama kilikuwa na ute mwembamba wa kijivu pembeni mwa pete. Nimewaandikia wafute kila siku ya pili badala ya kila wiki. Kufuta kunaonekana kazi ndogo, lakini nilimkuta mtu wa zamu nyingine siku za nyuma akitumia kitambaa cha jeans, akauchana utando.

Njiani kurudi kijana aliniuliza kwa nini tusitengeneze vile vihisi vipya vya mwanga, ambavyo havili oksijeni wala havihitaji maji kutembea: taa ya samawati inapigwa kwenye rangi maalumu, rangi inarudisha mwanga mwekundu, na oksijeni ikiwepo mwanga huo unafifia na kuisha haraka zaidi. Swali ni halali. Ni vihisi bora kuliko vyangu, nimevifungua viwili na kuvistaajabia. Kile kifuniko chenye rangi ndicho kinachoamua, na siku kikichoka hakuna mtu mjini hapa anayeweza kukitengeneza kwa mfuko wa mkate. Nilimwambia ajifunze kemia ya rangi hizo kwanza, tutazungumza baada ya mwaka. Alionekana kulichukua kama ahadi, nami nadhani nilikuwa nikiahidi.

Saa 12 jioni nilikuwa nyumbani. Chakula, madaftari ya watoto, maji ya kuoga. Kihisi cha tatu, chenye utando mpya, kilirudi katika chupa yake juu ya kabati na kuanzia 31.8.

Saa 4 usiku simu ililia. Alikuwa mzee wa zamu, sauti ikizidiwa na mngurumo wa kipulizia.

"Mama Fundi, samahani kwa usiku. Mkono umepanda, taa bado ni njano. Nifute kwa kitambaa gani?"

"Fulana ya pamba, Mzee, iliyooshwa. Ilowanishe, usisugue, pitisha mara moja tu."

Aliiweka simu chini bila kuikata. Nilisikia hatua zake juu ya bati la daraja la tangi, kisha ukimya mrefu wa mtu anayefanya kitu kwa uangalifu, kisha hatua zikirudi.

"Kijani," alisema. "Na majini anasoma 2.0. Halafu nimempigia fundi mbao. Ile meza ya dawa tunaileta huku juu, hatua nne kutoka tangini, nimekwisha kupima."